Jina la Nani Chini ya Wimbo?

Anayekaa Tunduma karibu na mpaka, kama ninavyokaa mimi tangu nilipostaafu, husikia tuni moja mara mbili kila asubuhi ya siku ya shule. Kwanza huwasikia watoto wetu wakiwa mstarini, wakiimba wimbo wa taifa kwa Kiswahili. Baadaye, kwa kuwa saa ya Zambia iko nyuma ya saa yetu kwa saa moja, upepo ukivuma kutoka Nakonde huja na sauti za watoto wa upande ule, nao wakiimba wimbo wa taifa lao kwa Kiingereza. Maneno ni mengine, mahadhi ni yale yale. Madereva wa malori wanaolala hapa mjini wakisubiri kuvuka hustaajabu, na mmoja aliwahi kuniuliza ni nani kati yetu aliyemwibia mwenzake.

Hapana shaka wasomaji wengi wanaijua asili ya wimbo huo, lakini niikumbushe kwa kuwa nitaihitaji mbele. Mahadhi yale yalitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni ya Kimethodisti karibu na Johannesburg. Alikuwa mwalimu kama sisi, akiwatungia wanafunzi wake nyimbo na kuziandika katika daftari. Alitunga ubeti wa kwanza na kiitikio kwa Kixhosa, akafariki mwaka 1905 akiwa bado kijana. Mshairi Samuel Mqhayi aliongeza beti saba, zikachapishwa mwaka 1927. Tanganyika iliuchukua wimbo huo mwaka 1961, na maneno yetu ya Kiswahili hutajwa kuwa ni kazi ya kundi. Zambia ilipopata uhuru mwaka 1964 ikayachukua mahadhi hayo na kuyavika maneno yake. Mwaka 1997 Afrika Kusini ikauunganisha na wimbo wa taifa wa enzi ya ubaguzi, ukawa wimbo mmoja. Na Sontonga? Inasimuliwa kwamba mjane wake aliziuza haki za nyimbo zake kwa sarafu ya peni sita. Kaburi lake lilikaa miaka mingi bila kujulikana, hata mwaka 1996 serikali ya Mandela ilipolitangaza kuwa mahali pa kumbukumbu ya taifa.

Kwa miaka mingi nimewafundisha wanachuo habari hiyo kama kisa cha mtu aliyedhulumiwa mbali huko kusini. Sikuona kwamba inanihusu. Iliponihusu, ilikuja mwaka jana kwa kupiga hodi mlangoni kwangu.

Mgeni alikuwa mwanachuo wangu wa zamani, ambaye sasa ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi na kiongozi wa kwaya. Alinipa shikamoo yake kwa heshima ile ile ya miaka arobaini iliyopita, akauliza hali ya mama, akanywa chai, na ndipo akatoa bahasha. Kwaya yake ilikuwa inataka kurekodi wimbo wetu wa chuo, ule wa mwaka 1983.

"Mwalimu, tunataka kila kitu kiwe halali," alisema. "Zamani tulikuwa tunaimba tu. Siku hizi ukirekodi bila karatasi, kesho mtu anakuja na wakili. Mtunzi ni wewe. Naomba uweke sahihi hapa."

Kwenye karatasi ile, mbele ya neno Mtunzi, alikuwa amekwisha kupiga chapa jina langu. Langu peke yake.

Nikachukua kalamu. Nakiri kwamba niliichukua bila kusita, na kilichonizuia wakati ule haikuwa dhamiri. Ilikuwa miwani, niliyoiacha chumbani. Nilikwenda kuitafuta, nikakaa kidogo kitandani kwa kuwa magoti yangu siku hizi hayapendi haraka, na hapo ndipo nilipoanza kukumbuka.

Mwaka 1983 nilikuwa mkufunzi wa Kiswahili katika chuo kimoja cha ualimu, miaka mingi kabla sijawa mkuu wa chuo. Watu wa rika langu wanaikumbuka miaka ile: sabuni kwa foleni, sukari kwa kibali, na mwaka huo huo ndio ulikuwa wa vita dhidi ya wahujumu uchumi. Karatasi zilikuwa adimu, hata mitihani ya majaribio tuliiandika ubaoni. Kwa hiyo nilipotunga beti nne juu ya kazi ya ualimu, kwa ajili ya mashindano ya kwaya, niliziandika ubaoni kwa chaki, na wanachuo wakazinakili nyuma ya karatasi zilizokwisha kutumika. Nakala ya kwanza ya wimbo ule ilifutwa kwa dasta siku iliyofuata, somo la hisabati lilipoanza.

Maneno tulikuwa nayo, tuni hatukuwa nayo. Ikatoka jikoni. Mpishi wetu, mama wa Kinyamwanga, alikuwa na wimbo aliokuwa akiuimba kwa sauti ya chini akichambua maharage, wimbo wa wanawake wa kwao wakati wa kupura ulezi. Mwanachuo mmoja aliyejua nota za sol-fa aliusikia akipita na ndoo ya maji, akaukariri, akaugawa katika sauti nne. Tulipomwambia yule mama kwamba tumeuchukua wimbo wake alicheka sana. Akasema si wake, ni wa bibi zake, na kwamba tumeuharibu kwa kuuimba polepole kama watu wenye njaa.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Katika ubeti wa tatu mimi nilikuwa nimeandika kwamba mwalimu ni mshumaa, huungua akimulika. Kila mwalimu aliyewahi kushika kalamu amekwisha kuuandika mstari huo, nami sikuwa na habari kwamba nauchosha zaidi. Siku ya mazoezi, binti mmoja kutoka Ileje, aliyesimama nyuma katika safu ya alto na ambaye sikumbuki kama aliwahi kusema neno darasani, alinyosha mkono. "Samahani, Mwalimu," alisema, "mshumaa ukiisha hutupwa. Kwa nini tusiseme daraja?" Wenzake wakacheka. Lakini kwao Ileje kuna mito, na mvua zikishika watu wa huko wanajua daraja ni kitu gani. Tukajaribu hivi na vile, na mwisho yeye mwenyewe akaupata mstari: Mwalimu ni daraja, hahesabu nyayo.

Katika mashindano tulishika nafasi ya pili. Wanachuo wale walitawanyika mashuleni, wakawafundisha watoto wimbo huo, na beti zangu nyingine zikapukutika njiani kama magamba. Mstari wa daraja ukabaki. Nimeuona umeandikwa kwa rangi ukutani mwa shule ambazo sijawahi kufundisha. Nilipostaafu nilizawadiwa ubao wa mninga uliochongwa mstari huo, na chini yake jina langu, na ofisa aliyenikabidhi akautaja kuwa ni maneno ya hekima ya mzee wetu. Watu wakapiga makofi. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu, kama inavyompasa mzee mwenye hekima. Sikusema uongo siku ile, nilinyamaza tu. Ubao huo bado uko sebuleni kwangu, na yule mgeni alikuwa amekaa chini yake.

Niliporudi sebuleni na miwani yangu nikamweleza. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akanipinga, na nataka niandike hoja zake kwa haki kwa sababu si hoja za kipuuzi.

Alisema kwanza kwamba aliyetoa mstari mmoja si mtunzi. Bila beti zangu kusingekuwa na wimbo wa kusahihisha. Mwalimu anaposahihisha insha ya mwanafunzi na kumpa neno bora zaidi, je, insha inakuwa ya mwalimu? Nimesahihisha insha kwa miaka thelathini na sijadai hata moja. Kwa nini basi kanuni igeuke pale mwanafunzi anapomsahihisha mwalimu? Alisema pia kwamba nikianza kuhesabu watu sitamaliza: yuko mpishi, yuko mwenye sol-fa, yuko mpiga ngoma, wako wote waliocheka, na kama si kicheko chao pengine yule binti asingeshupaa. Na mwisho akasema lililokuwa moyoni mwake tangu mwanzo: "Mwalimu, nikiandika watu wengi, hela ikipatikana tutaigawaje? Studio wanataka jina moja."

Nilijaribu kipimo kimoja ambacho nadhani kila mtu angekijaribu: mwondoe mtu, kisha utazame kama kinachobaki ni wimbo ule ule. Mwondoe mpiga ngoma, wimbo upo. Niondoe mimi, hakuna wimbo. Mwondoe yule binti: wimbo upo, ila hakuna anayeukumbuka leo. Hapo kipimo kikanishinda. Kitu ambacho watu wanataka kukirekodi baada ya miaka arobaini hakingekuwapo bila yeye, ingawa wimbo ungekuwapo.

Sheria yetu inasemaje? Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1966, haimsumbui mtunzi kama watu wanavyodhani. Kazi hulindwa tangu inapoumbwa, hata kama hujaisajili popote. Watu huenda kusajili katika ofisi ya COSOTA ili wawe na ushahidi mkononi. Ulinzi huo hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kazi ikiwa ya watunzi washirika, miaka hiyo 50 huhesabiwa tangu kifo cha yule wa mwisho kufa. Tukimfanyia Sontonga hesabu hiyo kwa zoezi tu, haki yake ingekwisha mwaka 1955, miaka sita kabla ya bendera yetu kupanda. Mqhayi alifariki mwaka 1945, kwa hiyo beti zake zingefika 1995. Lakini wawili hao hawakukaa meza moja. Mmoja aliongeza baada ya mwenzake kuzikwa, na sidhani kama mwanasheria angewaita washirika. Mimi na yule binti tulikuwa katika chumba kimoja, na chaki ilikuwa moja.

Kuhusu wimbo wa kupura ulezi, sheria hiyo hiyo ina sehemu yake juu ya sanaa za jadi, ambazo hazina mtunzi wa kumtaja kwa jina. Wazo tupu hailindi. Na inagawa haki za mtunzi katika mafungu mawili: haki za kiuchumi, ambazo zinaweza kuuzwa na kurithiwa, na haki za kimaadili, ambayo mojawapo ni haki ya kutajwa kuwa ndiwe uliyeifanya kazi. Niliposoma hapo niliweka kitabu chini. Sheria imekwisha kujua, basi, kwamba fedha na jina ni vitu viwili. Ila sheria husema haki, na haki hungojea mwenyewe aje kuidai. Atakayemdai nani, mtu asiyejua kwamba kuna karatasi inayosainiwa sebuleni kwa mtu Tunduma?

Hapo ndipo ninapotofautiana na mgeni wangu, na na watu wengi ninaowasikia wakibishania nyimbo redioni. Wanalichukua jina lililo chini ya wimbo kama hati ya shamba: ni langu au ni lako, na likiwa langu wewe ondoka. Mimi nadhani jina hilo, kabla halijawa mali, ni ushahidi. Linasema, huyu alikuwapo na alifanya jambo hili. Anayetia sahihi peke yake mahali ambapo watatu walifanya kazi anatoa ushahidi juu ya watu ambao hawapo kujibu. Anasema hawakuwapo. Shamba ukiligawa kwa watatu kila mmoja hupata dogo, kwa hiyo watu wana sababu ya kugombana. Ushahidi ukiwa wa watatu haupungui.

Chukua wimbo wa Malaika, ambao Afrika Mashariki nzima inaujua. Jina lililozoeleka kwenye sahani ni la Fadhili William wa Kenya, aliyeurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wako wanaosema mtunzi ni Mtanzania Adam Salim, na kwamba aliutunga mwaka 1945. Wengine humtaja Grant Charo. Miriam Makeba aliuimba ukazunguka dunia, na mwaka 1981 Boney M nao wakaurekodi kwa namna yao. Fadhili William alifariki mwaka 2001 na ubishi haukuzikwa naye. Mimi si hakimu na sina la kuamua hapo. Ninachokiona ni kwamba kila upande unatafuta jina moja, na likipatikana mengine yote yafutwe. Haiwezekani kwamba huyu alileta kiini, yule akaleta kinanda na mpangilio, na watu wa mitaani wakaung'arisha kwa kuuimba? Labda haikuwa hivyo. Lakini hata kuuliza hivyo ni vigumu, kwa sababu swali limekwisha kuwa la hati ya shamba.

Na si kwamba hatujui kufanya vinginevyo. Tamthilia ya Harakati za Ukombozi, iliyotoka mwaka 1982, ina majina matatu: Amandina Lihamba, Ndyanao Balisidya na Penina Muhando. Sijasikia kwamba jalada lilichanika kwa uzito. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 imebeba jina la TUKI, na hakuna anayedanganyika kudhani kwamba TUKI ni mtu mmoja aliyekesha na kibatari.

Ubishi wetu ungeishia hapo kama si aibu moja. Nilipomwambia mgeni wangu kwamba lazima tuliandike jina la yule binti, alichukua kalamu na kusema, "Haya, Mwalimu, nitajie." Nikafungua kinywa. Sikulikumbuka.

Ninaikumbuka sweta yake iliyotiwa kiraka kwenye kiwiko. Ninaikumbuka sauti. Jina la kiongozi aliyetukabidhi zawadi ya mshindi wa pili ninalikumbuka, na la baba yake pia. Jina la mtu aliyenipa mstari uliochongwa kwenye mninga sebuleni mwangu halikuwamo kichwani, na nadhani halikuwamo kwa muda mrefu sana, kwa kuwa sikuwahi kulihitaji.

Nilimwomba mgeni anisubiri. Hakufurahi, maana studio ilikuwa imekwisha kupokea malipo ya awali. Niliandika barua chuoni kuulizia rejista ya miaka ile. Nikajibiwa kwamba paa la stoo lilivuja na madaftari ya zamani yaliharibika. Nikawapigia simu wanachuo wa mwaka ule niliowapata. Mmoja akanitajia jina, mwingine akanitajia jina lingine kwa uhakika ule ule. Mwezi wa Juni nikapanda gari kwenda Itumba, nikashinda siku mbili nikiwauliza walimu wastaafu, ambao hunywa chai nyingi na hukumbuka mambo mengi wasiyoulizwa. Siku ya pili jioni nikaelekezwa kwa kaka yake.

Alikuwa amefariki miaka tisa iliyopita. Alifundisha darasa la kwanza na la pili karibu maisha yake yote. Kaka yake alimwita mmoja wa watu aliowafundisha, mama mtu mzima mwenye duka, na nilipomuuliza kuhusu wimbo ule aliuimba wote, akiwa amesimama nyuma ya meza yake ya sukari na chumvi, pamoja na beti zangu nilizodhani zimekufa.

"Mwalimu wetu alikuwa akiwaambia nani aliutunga?" nikamuuliza.

"Ndiyo, baba. Alisema umetungwa na mwalimu wake wa Kiswahili, chuoni."

Nilikaa kimya njia nzima ya kurudi. Mgeni wangu, nilipomsimulia, aliona mambo yamekwisha: mwenyewe amekupa, Mwalimu, nani tena wa kukukatalia? Nimelifikiri sana neno lake. Mtu anaweza kuitoa mali yake, hilo halina ubishi. Lakini sidhani kama anaweza kunifanya niwe nimesema jambo ambalo sikulisema, hata akitaka kwa moyo mweupe. Na tena sijui kama alitoa. Pengine alisema hivyo kwa kuwa ndivyo mwanachuo wa mwaka 1983 alivyofundishwa kusema juu ya mwalimu wake, na aliyemfundisha hivyo alikuwa ni mimi.

Karatasi ile tuliiandika upya. Ina jina lake, lenye ruhusa ya kaka yake, na jina la yule wa sol-fa, ambaye yuko hai na aliona tunapoteza muda. Ina maelezo ya mistari miwili kwamba tuni imetokana na wimbo wa kupura ulezi wa wanawake wa Kinyamwanga tulioupata kwa mpishi wa chuo, na jina la mpishi limo. Hapa sikuliandika kwa sababu wanawe sijawaomba. Kuhusu hela, kama zitakuwapo, wanakwaya wamekubaliana fungu litakalokwenda Ileje. Mimi sikuingilia hesabu zao.

Mgeni wangu alipokuja kuichukua aliyahesabu majina kwa ncha ya kalamu, akauliza lipi litangulie. Nikamwambia ayapange kwa alfabeti. Akatazama tena, akaona langu litakuwa la mwisho, akacheka, akaikunja karatasi na kuiweka mfukoni.